Faini na Mnyonge: Karagwe na Kyerwa

Husemwa kwamba faini ni adhabu nyepesi. Hiyo ni kauli ya mwenye fedha. Watu wawili wenye kosa moja wakiambiwa na Mahakama ya Mwanzo "faini au kifungo", mlanguzi atalipa na kurudi dukani kabla jua halijatua. Mkulima asiye na kitu atakwenda jela. Huyu amehukumiwa kwa kosa lake na kwa ufukara wake pia. Nayo Ibara ya 107A ya Katiba inaiagiza Mahakama kutenda haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi.

Na akiponea jela? Tutazame hali halisi ya Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012. Fedha ya mkulima hutoka kwenye kahawa, na kahawa ina msimu wake. Faini haina msimu. Basi ndugu zake humwendea mnunuzi wa butura, wakauza kahawa ingali mtini kwa bei anayoitaka yeye. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi, kumbe hukumu nayo inamsukuma mkulima mlangoni kwa mlanguzi! Jasho la mwaka linakwisha, ushirika unakosa kahawa. Tulitunga sheria ya kuikomesha nyarubanja mwaka 1965. Hatukuikomesha ili apatikane mwinyi mwingine wa kula jasho hilo hilo.

Wako viongozi, wengine wa Chama chetu, wanaodai kwamba kusamehe faini ni kulea uhalifu. Tunaikataa hoja hiyo. Hatusemi kosa lifutwe. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu mkosaji anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kwenda gerezani. Mikono kila mkulima anayo. Kwa mzee au mgonjwa asiyeweza hata hilo, msamaha ndio haki.

Katika madai, Sheria ya 1966 inamruhusu fukara kufungua shauri bila ada. Vijijini nani amemweleza? Hapa tujikosoe. Mikutano ya matawi tumeijaza nyimbo na michango, sheria hatuzisomi. Mahakama iko huru, na Chama hakitoi hukumu. Lakini hakuna kinachomzuia katibu wa tawi kumwambia mshitakiwa, kabla ya siku ya kesi, kwamba anaweza kumweleza hakimu hali yake.