Tadbiri ya Mchezaji Gofu

Watazamaji wa gofu aghalabu husifu nguvu za mabega na wepesi wa kiuno, na mpira urukapo mbali hupiga makofi. Lakini sehemu ya ufundi huu ipasayo sifa kubwa zaidi hutendeka kabla mkono haujainuka, wakati mchezaji asimamapo kando ya mfuko wake, akapima upepo, mteremko, urefu wa majani na hali ya nafsi yake mwenyewe, kisha akachagua fimbo moja na kuziacha nyingine zote. Kanuni humruhusu fimbo 14 tu, idadi iliyowekwa Marekani mwaka 1938 na Uingereza mwaka uliofuata, baada ya baadhi ya wachezaji kuzoea kuwabebesha makedi wao fimbo zaidi ya 20. Nami naihesabu kanuni hiyo kuwa neema, kwa kuwa tangu hapo mtu hakuweza kununua jawabu la kila umbali, bali ilimlazimu kuujua uwanja.

Alioujua mchezaji gofu Mmarekani Ben Hogan ulikuwa uwanja wa Merion, karibu na Philadelphia, mwezi wa Juni 1950. Miezi kumi na sita kabla ya hapo basi lilikuwa limeligonga gari lake huko Texas, likamvunja mifupa ya nyonga, mtulinga na kifundo cha mguu, hata ikadhaniwa kwamba hatatembea vyema tena, sembuse kucheza. Kwa mashindano makuu ya Marekani yaliyochezwa hapo alitoa mfukoni fimbo ya chuma namba 7 akatia namba 1, na inasimuliwa kwamba alipoulizwa sababu alijibu kuwa Merion haukuwa na pigo la namba 7. Tafakari ni taamuli ya namna gani hiyo: mtu kuyapitia mashimo 18 akilini mwake, akajua kila mpira utakapotua, na kwa hiyo akajua pia chombo asichokihitaji! Siku ya mwisho alicheza mashimo 36, miguu imefungwa bendeji, na katika shimo la mwisho, akihitaji mapigo manne ili asishindwe, alipiga kwa fimbo ile ile ya namba 1 mpira mrefu uliofika kwenye grini, yaani majani mafupi yanayolizunguka shimo, akamaliza kwa mapigo mawili. Kesho yake, katika marudio, alipata 69, Lloyd Mangrum 73 na George Fazio 75.

Mwenye tadbiri, kama mchezaji wa bao ahesabuye mizunguko kabla ya kugusa kete, hufikiri kwa kurudi nyuma. Huanza shimoni, akauliza ni upande upi wa grini ulio mwepesi kusukumia mpira. Kisha ni wapi panapofaa kupigia ili kuufikia upande huo. Na mwisho kabisa ndipo huuliza ni fimbo ipi itakayomfikisha hapo. Aidha, huhesabu umbali anaoupiga kwa kawaida, wala si ule alioupata siku moja ya bahati, na huchagua shabaha ambayo hata pigo likipotoka kidogo halitamwangusha majini. Upepo ukimkabili haongezi nguvu: huchukua fimbo ya mbali zaidi na kupiga kwa upole, kwani mpira uliopigwa kwa ghadhabu huzunguka sana, hupanda juu, ukawa mateka wa upepo.

Tadbiri hiyo ilionekana katika mashindano ya Augusta, Marekani, mwaka 2007: mchezaji Zach Johnson hakujaribu hata mara moja kuzifikia kwa mapigo mawili grini za mashimo ya mapigo matano. Aliutua mpira mbele yake, penye umbali alioupenda, akayacheza mashimo hayo kwa jumla ya mapigo 11 pungufu ya kadirio, na ushindi ukawa wake. Kinyume chake, Jean van de Velde, Mfaransa, alifika shimo la mwisho la uwanja wa Carnoustie, Uskoti, mwaka 1999 akiongoza kwa mapigo matatu, mapigo sita yakimtosha kuwa bingwa. Akachukua dreva, fimbo ipigayo mbali kuliko zote, kisha akapiga pigo refu la fimbo namba 2 lililogonga jukwaa la watazamaji, kisha mpira ukazama kijitoni, akapata saba, na katika marudio Paul Lawrie akatwaa kombe. Namhurumia, kwa kuwa mkono wake haukuwa na ila juma zima; kilichokosekana ni fimbo fupi na dakika moja ya hadhari.

Kwetu Afrika Mashariki elimu hii ina mlango wa pekee. Muthaiga, katika nyanda za juu za Nairobi, hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali. Uwanja wa Mombasa uko kando ya bahari, ambapo kusi likivuma fimbo iliyotosha jana haitoshi leo, na atokaye bara na hesabu zake za bara huona mipira yake ikianguka kabla ya grini. Makedi wa viwanja hivyo wanayajua hayo kwa miaka mingi ya kutembea na kutazama, na maarifa yao, kwa maoni yangu, ni nusu ya mchezo. Ajuaye heshima ya kazi huwauliza kwanza, akawasikiliza, ndipo akavuta fimbo.