Namna M-Pesa Ilivyoubeba Umati

Wengi waielezapo M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyozinduliwa na kampuni ya simu ya Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, husifu wepesi wake mikononi mwa mteja, na ni haki waisifu. Walakini wepesi ule ulilipiwa kwa uzito uliotwikwa mahali pengine, na huko ndiko kwenye elimu ya kazi hii.

Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2005 wateja hawakutimia 500. Baada ya uzinduzi, kabla mwaka haujapinduka, walikwisha kuzidi milioni moja. Kwa kuwa simu nyingi za wakati ule zilikuwa ndogo za vibonyezo, zisizojua intaneti, waundaji walifanya tadbiri ya kuitia programu ndani ya kadi ya laini yenyewe, hata mwenye simu hafifu akawa sawa na mwenye simu ya fahari: huandika namba ya mpokeaji, kiasi, na namba yake ya siri, kadi ikayafumba hayo yote, yakasafiri kwa ujumbe mfupi hadi kwenye mtambo wa hesabu, nao ukapunguza huku, ukaongeza kule, kisha ukawajibu wote wawili.

Basi hesabu za tajiri na za maskini zilikutana mahali pamoja, napo palikuwa Ulaya, mbali na Kenya. Kwa mwanzo halikuwa shauri baya. Lakini ujumbe mfupi hungoja zamu yake, na mwisho wa mwezi, mishahara itokapo, jibu likikawia mtumaji hushikwa na wasiwasi akatuma tena, akauongezea mtambo mzigo saa ile ile ulipoelemewa. Hatimaye, mwezi Aprili 2015, hesabu zilihamishiwa Kenya, katika mtambo mpya uliotengenezwa na Huawei.

Hata hivyo, mtambo hautoi noti. Anayezitoa ni wakala, ambaye sharti awe na akiba mbili, fedha taslimu na floti, yaani fedha iliyo ndani ya simu; na maadamu mjini aghalabu watu huweka na shamba hutoa, wa mjini huishiwa floti ilhali wa kijijini huishiwa noti, ikalazimu fedha zichukuliwe njiani kila mara kuwasawazisha. Kwa rai yangu hii ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kuliko seva zote. Msomaji akisikia kampuni imenunua mtambo ili kuiga M-Pesa, na aulize kwanza wakala wa kijijini atapata wapi noti siku ya mnada.