Kusahihisha bila Kufuta: Tahakiki ya Toleo la "Vocabulaire" ya Elisabethville

Katika uandishi wa programu za kompyuta imo miundo ya data ambayo, ikishaundwa, haibadiliki. Katika Haskell, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1990, anayetaka kubadili thamani moja katika orodha haigusi orodha iliyopo. Huunda nyingine yenye thamani mpya, na sehemu zisizohusika na badiliko huweza kutumiwa na zote mbili. Orodha ya kwanza hubaki vilevile kwa kila anayeitegemea. Kanuni hii yafaa kuwa kipimo cha kazi ya mhariri wa maandiko.

Mwaka huohuo wa 1990 kilichapishwa Amsterdam kitabu cha Johannes Fabian, *History from Below*. Msingi wake ni "Vocabulaire" ya Elisabethville, historia ya mji unaoitwa leo Lubumbashi, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya wenziwe waliopata kuwa watumishi wa nyumbani. Kiswahili chake ni kile cha Katanga, na maneno yameunganishwa na kutenganishwa bila utaratibu maalumu. Mhariri mwenye haraka angaliyanyoosha maandishi hayo, akayaacha ya kwanza yapotee.

Fabian hakufuata njia hiyo. Maandishi ya asili yametolewa kama yalivyo. Kisha Kalundi Mango, mjuzi wa Kiswahili cha Katanga, aliyasoma kwa sauti, na usomaji wake ukaandikwa kuwa andiko la pili. Tafsiri ya Kiingereza ikafuata. Hakuna tabaka lililofuta jingine. Asiyekubaliana na Mango kuhusu mahali sentensi inapokomea anao ushahidi wa kumpinga.

Hata hivyo, mfano wa kompyuta una mpaka wake. Nakala mpya ya orodha haiongezi maana isiyokusudiwa, lakini kila usomaji wa sauti ni ufasiri. Aidha, andiko jepesi kusomeka huelekea kunukuliwa mahali pa lile gumu, hata kama yote mawili yamo katika jalada moja. Tena maelezo ya kitabu, kwa kuwa ni ya Kiingereza, humweka mbali msomaji wa Kongo, ambaye lugha yake ya elimu ni Kifaransa.

Suala hili linawagusa pia walimu wa Sange na wa bonde zima la Ruzizi. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kiambishi ba- husikika mara nyingi mahali pa wa-. Kumbukumbu ya mzee iliyoandikwa "batoto", ikisahihishwa juu kwa juu kuwa "watoto", hupata usanifu na kupoteza ushahidi wa mahali ilikotoka. Usanifishaji si kosa. Kosa ni kufuta. Nakala sanifu na iandikwe kwenye karatasi nyingine, na ile ya mzee ihifadhiwe.