Heko, Wachimba Visima wa Turkana

Septemba 2013, Serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kuwa setilaiti na rada zimebaini hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi katika bonde la Lotikipi, Turkana. Visima vya majaribio vilipochimbwa, maji yakaonekana yana chumvi nyingi. Picha huelekeza; kisima ndicho hutoa jibu.

Kwa hiyo nawavulia kofia wachimba visima. Mtambo unanguruma juani, fundi anakinga vipande vya mwamba, anavisuuza na kuvipanga chini kwa safu, mtaalamu asome tabaka. Maji yakipatikana, huvutwa kwa pampu kwa saa nyingi huku kina chake kikipimwa, kisha hupimwa chumvi na floraidi. Mji wa Lodwar, kwa mfano, hunywa maji ya visima vya kando ya mto Turkwel.

Nanyi mnaotafuta mafuta na madini huku, waiteni mapema, na vipimo vyao mvikabidhi kwa kaunti.