Kiti cha Plastiki Hakipunguzi Bei ya Kamba

Kuna sentensi moja ambayo wahakiki wa chakula hawachoki nayo. Wakiingia mkahawa wenye viti vya plastiki na redio inayopiga kelele, wanaandika kwamba mahali ni pa kawaida tu, wenyewe ni wanyenyekevu, chakula ni kitamu ajabu na, juu ya yote, bei ni ya chini. Inasomeka kama sifa. Mimi naona ni njia ya adabu ya kumwambia mpishi abaki pale pale alipo.

Nimeifikiria sana sentensi hiyo kwa sababu ya mariscos. Kwa Kihispania neno hilo ni kamba, kaa, chaza na wenzao, ingawa Wamexico wakisema twende tukale mariscos, samaki naye yumo, pweza pia. Kule pwani ya Pasifiki, Sinaloa na Nayarit, hiki ni chakula cha mchana. Mikahawa mingi ya mariscos hufunga kabla ya usiku, maana kilichovuliwa alfajiri hakitakiwi kungoja. Familia huja na watoto, na wengine huja kutoa loki ya jana. Kuna kokteli ya kamba, chaza na pweza inaitwa Vuelve a la vida, yaani "rudi kwenye uhai", na kwa mtu aliyelala saa kumi alfajiri hilo jina si mzaha.

Wahamiaji waliibeba pwani hiyo hadi Los Angeles, ninakoishi mwaka wa tatu sasa. Boyle Heights kuna gari la Mariscos Jalisco, ambalo taco yake ya kamba iliyokaangwa imeandikwa na karibu kila mhakiki wa mji huu. Mkahawa ninaokula mimi hauna jina kubwa hivyo. Uko mashariki mwa jiji, kati ya duka la matairi na kinyozi, na una meza nane. Sitautaja, foleni iliyopo inatosha.

Ukitaka kuupima mkahawa wa namna hii, agiza aguachile. Kamba wabichi wanapasuliwa mgongoni, wanatandazwa kwenye sahani, kisha wanamwagiwa ndimu iliyosagwa na pilipili na chumvi. Juu wanawekewa kitunguu chekundu na vipande vya tango. Sinaloa, pilipili ya jadi ni chiltepín, kitu kidogo kama punje ya pilipili manga, kinachouma haraka na kuondoka haraka. Ceviche huachwa ikae kwenye ndimu. Aguachile huletwa mezani karibu papo hapo. Ndimu inageuza rangi ya kamba na kuikaza nyama yake, lakini haiui vijidudu jinsi moto unavyoua. Yaani hakuna pa kujificha. Hakuna nazi ya kumfunika kamba wa juzi, hakuna mafuta ya moto ya kumnyamazisha.

Pale ninapokula, kamba anafika akiwa amekaza pembeni na bado laini katikati. Ndimu imekamuliwa sasa hivi. Ungejua kama ilikaa, kwa sababu huanza kuwa chungu. Unampakulia juu ya tostada, kichapati cha mahindi kilichokaangwa hadi kikawa kinavunjika, na una dakika chache tu kabla hakijalegea. Basi unakula haraka, kwa mikono, maji ya ndimu yakitiririka hadi kwenye kiwiko. Hapo ndipo unaelewa meza ya plastiki. Inafutwa kwa kitambaa kimoja na mteja mwingine anakaa. Kitambaa cheupe kingekuwa kero hapa.

Si kila kitu kinafaulu. Kokteli ya kamba ni tamu kupita kiasi, sosi ya nyanya ya chupa imeachiwa itawale. Pescado zarandeado ni samaki mzima aliyepasuliwa akafunguka kama kitabu, akapakwa viungo na kuchomwa. Mtu wa Mombasa atamwona kama ndugu wa samaki wa kupaka kabla nazi haijamfikia. Wa hapa walimwacha motoni hadi mkia ukakauka. Nasema haya kwa sababu mkahawa unaosifiwa kila kitu haujahakikiwa. Umeonewa huruma tu.

Sasa bei. Aguachile ni dola 19. Jumamosi moja jamaa wa meza ya pili alisoma menyu akacheka kwa sauti: dola 19, kwenye sahani ya plastiki? Mwenzake akamjibu ati hapa unalipia chakula, si mandhari. Jibu zuri, lakini nilitaka aende mbele kidogo. Anayeuza kamba kwa jumla haulizi vitaliwa kwenye kiti gani. Barafu inalipiwa. Ndimu zinanunuliwa kwa kreti. Kuna mtu nyuma pale anayemshika kamba mmoja mmoja, anamvua ganda, anautoa ule uzi mweusi wa mgongoni, na anafanya hivyo kabla mlango haujafunguliwa. Mpeleke kamba mbichi huyo huyo kwenye kaunta ya mbao, mbele ya mpishi wa sushi mwenye kisu kirefu, uone kama kuna atakayecheka.

Wapo walioliona hili mapema. Jonathan Gold, mhakiki wa kwanza wa chakula kushinda Pulitzer, mwaka 2007, aliviandika vibanda na mikahawa midogo ya Los Angeles kwa umakini ambao wengine waliuweka akiba kwa hoteli kubwa. Anthony Bourdain alipofika La Guerrerense, mkokoteni wa tostada wa Sabina Bandera kule Ensenada, alimpa heshima ya bingwa. Lakini wengi waliowafuata waliokota kipande kimoja tu cha somo: furaha ya kupata kitu kizuri kwa bei ya kutupa.

Halafu kuna Contramar, Mji wa Mexico, iliyofunguliwa na Gabriela Cámara mwaka 1998 ili chakula cha ufukweni kiliwe katikati ya jiji. Tostada zake za jodari zinajulikana dunia nzima, na samaki wake anakuja nusu nyekundu, nusu kijani. Pale vitambaa vya meza ni vyeupe, na bili haimshangazi mtu. Contramar ilithibitisha kwamba tostada inaweza kudai bei yake. Kinachonikera ni kwamba ilibidi kwanza ivalishwe kitambaa cheupe.

Nina maslahi kwenye hoja hii, sifichi. Niliacha chuo, na naandika kwa kulipwa kwa neno, chumbani, ndala miguuni. Wapo wahariri wanaoziona hizo ndala hata kupitia barua pepe, wakapunguza. Najua neno "kawaida" linavyoshusha malipo bila mtu kupandisha sauti.

Na nyumbani je? Jioni Mombasa, supu ya pweza inauzwa kando ya barabara, pweza anakatwa mbele yako, pilipili na ukwaju viko pembeni. Muuzaji akiongeza shilingi kumi tunamwita mwizi. Wiki hiyo hiyo, tukiwa Nairobi, tunalipa sushi kwa simu bila hata kusoma risiti. Pweza wa barabarani alichemshwa saa ngapi, na nani alimpiga hadi akalainika? Hatuulizi, bana. Tunauliza tu kwa nini imepanda.

Basi, hukumu. Aguachile, agiza, na uende kabla ya saa nane mchana. Kokteli, ruka. Samaki, waambie wamtoe motoni mapema. Dola 19 ni bei halali, na ukikuta imekuwa 21, uliza kamba wamepanda kiasi gani kabla hujanuna. Ukitaka kuwasifu, taja kisu, taja ndimu, taja yule mtu wa nyuma. Unyenyekevu wao waachie wenyewe, nawe acha tipu mezani.