Pampu ya betri: usinunue kwa psi

Kwenye boksi la pampu ya upepo ya kuchaji, namba inayoandikwa kubwa kuliko zote huwa ni psi 150. Hiyo ni zaidi kidogo ya bar 10, na gari dogo linataka bar 2.2 hadi 2.5 tu. Kinachotofautisha pampu hizi ni upepo unaosukumwa kwa dakika na nishati iliyomo kwenye betri.

Tupige hesabu ya tairi la 195/65 R15. Ndani lina nafasi ya takriban lita 30. Limeshuka hadi bar 1.6, nasi tunataka 2.4: pengo la bar 0.8 ukizidisha kwa 30 ni lita 24 za hewa ya pwani. Lakini Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba. Hapa pampu itameza lita 28. Inayotoa lita 10 kwa dakika humaliza chini ya dakika 3; ya lita 5 huchukua karibu 6.

Tairi likilala kabisa, hesabu inafika lita 84: dakika 8 kwa pampu ya kwanza, 17 kwa ya pili. Pampu nyingi ndogo hutakiwa kupumzishwa baada ya dakika 10 hivi, kwa hiyo ya pili itakuacha njiani katikati ya kazi. Mwenye Land Cruiser azidishe hesabu yote mara mbili.

Betri nayo ina mtego wake. Miliampea-saa 6,000 kwa voti 3.7 ni wati-saa 22. 2,500 kwa voti 11.1 ni karibu 28. Namba ndogo ndiyo yenye nguvu zaidi. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni yako jirani, mtoni Lufira, lakini umeme wa mjini hukatika. Chagua pampu inayokubali pia waya wa soketi ya gari.

Kipimo cha presha kisomeke kwa bar na kwa kPa, kwa sababu kibandiko cha mlangoni kwenye magari mengi ya Japani husema kPa: 230 ni bar 2.3. Pima kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Mwezi wa Julai, kati ya baridi ya alfajiri na joto la mchana presha hupanda kwa karibu bar 0.2 hata gari likiwa limesimama.

Kwa matumizi ya nyumbani, angalia vichwa vya akiba: sindano ya mpira, na kichwa cha valvu za baiskeli, maana nyingi za baiskeli zinazobeba makala hazina valvu kama ya gari.

Basi, kwa gari dogo tafuta wati-saa 25 kwenda juu, na mwambie muuzaji ajaze tairi lako mbele yako, saa mkononi. Ikipandisha bar 0.8 ndani ya dakika 4, inafaa. Tairi lenye msumari bado ni la kwado. Pampu inakufikisha kwake tu.