Jaza Nafasi Zilizoachwa Wazi

Sisi tuliosoma Kiswahili sekondari tunalijua agizo hili. Lilikuja katika sehemu ya pili ya karatasi ya mtihani, likifuatwa na sentensi kumi zenye vistari, nasi tukajaza viambishi huku tukichungulia saa. Nililipenda kwa sababu lilinipa alama za haraka. Sikujua kwamba miaka michache baadaye ningelipwa fedha kwa kulitekeleza.

Katika likizo ya mwaka wa pili nilipata kibarua cha kuandika. Mwenye ukurasa mmoja wa Facebook unaohusu afya na malezi, unaoandikwa kwa Kiswahili, alinitumia faili lenye violezo hamsini pamoja na maelekezo mafupi: chagua kimoja, jaza, tuma, usifikiri sana. Malipo yalikuwa shilingi 5,000 za Uganda kwa kila andiko. Katika makala haya nataka kulihakiki faili hilo kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote, yaani umbo lake, lugha yake na kile linachomfanyia msomaji. Huenda mwenzangu mmoja akasema kwamba faili la namna hiyo halistahili tahakiki. Nadhani linastahili kuliko riwaya nyingi zilizomo katika orodha yetu ya muhula huu. Jamaa zangu hawasomi riwaya, lakini maandishi yanayozaliwa na mafaili kama hilo wanayasoma kila siku kwenye simu.

Hivi ni baadhi ya violezo vyenyewe:

Mambo 7 ya kushangaza kuhusu ____.
____ hii itabadilisha maisha yako.
Dalili 7 za ____ ambazo hupaswi kuzipuuza.
Walinicheka nilipo____, lakini nilipo____ wote walinyamaza.

(Kwa nini saba? Nilimwuliza mwenye ukurasa. Akajibu kwamba saba inafanya kazi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa maswali yangu mengi, na mwishowe ndilo lililotufarakanisha.)

Kiolezo hicho cha nne kina umri mkubwa kuliko bibi yangu. Mwaka 1926, Mmarekani aitwaye John Caples aliandika tangazo la kozi ya muziki iliyofundishwa kwa njia ya posta. Katika tangazo hilo mtu anasimulia jinsi wenzake walivyomcheka alipoketi kwenye piano, na yaliyotokea alipoanza kupiga. Tangazo likapata sifa kubwa, na waandishi wa matangazo wameliiga tangu hapo hadi leo. Tuangalie kilichobaki baada ya kuigwa. Caples alikuwa na mtu, chumba, piano na aibu ya mtu huyo mbele ya rafiki zake. Mwigaji amechukua kicheko na ukimya, akafuta vilivyokuwa katikati na kuweka vistari. Amebaki na hisia bila tukio lililozizaa.

Mfano wa karibu zaidi ni tovuti ya Upworthy, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012 na Eli Pariser na Peter Koechley. Waandishi wake walitakiwa kuandika vichwa 25 kwa habari moja. Baadhi ya vichwa vilijaribiwa kwa wasomaji halisi, na kilichobofywa zaidi ndicho kilichobaki. Sikejeli bidii hiyo. Sijui ni wangapi kati yetu tumewahi kuandika hata vichwa vitatu kwa insha moja. Lakini hakimu wa vichwa hivyo alikuwa mbofyo, na mbofyo hutokea kabla msomaji hajasoma. Hauwezi kutoa ushahidi juu ya kilichomo ndani. Vichwa vya mtindo huo vikazagaa kila mahali, hata mwaka 2014 Facebook yenyewe ikatangaza kwamba itavipunguzia nafasi. Baadaye watafiti walizichambua kumbukumbu za majaribio ya Upworthy, vichwa 105,000 hivi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023: katika kichwa cha urefu wa wastani, kila neno moja la ubaya lililoongezwa lilipandisha mbofyo kwa asilimia 2.3. Niliposoma takwimu hiyo nililifungua tena faili langu, nikahesabu violezo vyenye "kosa", "hatari", "usipuuze" na "kabla hujachelewa". Vilikuwa kumi na tisa kati ya hamsini. Aliyelitunga hakuhitaji kumwuliza mtafiti.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapo ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna neno la kusema ambalo wengine hawana.

Violezo vile vilitafsiriwa kutoka Kiingereza, na hilo linaonekana mahali kistari kilipowekwa. Katika Kiingereza unaweza kutia karibu jina lolote la umoja pale mwanzoni, na sentensi yote ikabaki ilivyo. Katika Kiswahili jina ndilo mwenye nyumba. Likibadilika, wote waliomo ndani hubadilika nalo. Chukua "____ hii itabadilisha maisha yako". Tia "kitunguu", utapata kitunguu hiki kitabadilisha. Tia "parachichi", litabadilisha. Tia "maji", yatabadilisha. Kwa majina ya umoja, kiolezo kama kilivyoandikwa kinakubali ngeli ya I-ZI pekee. Nami, kwa kuwa niliogopa kukosea na pia nilikuwa mvivu, nilichagua majina yanayoingia bila kugombana na sentensi. Kwa wiki mbili msomaji wa ukurasa ule alifundishwa kwamba maisha hubadilishwa na asali, chai, ndizi, tangawizi na dawa ya mitishamba. Kitunguu, parachichi na maji havikuwahi kubadilisha maisha ya mtu yeyote. Kwa hiyo ushauri wa afya ulikuwa ukiamuliwa na ngeli, na kuamuliwa na ngeli moja tu.

Mwandishi mwingine wa ukurasa ule hakuwa na hofu yangu. Akaandika "Kitunguu hii itabadilisha maisha yako", na watu wengi wakalipenda andiko lake. Hapa nikiri jambo. Mimi natoka Arua, na lugha ya nyumbani kwetu, Kilugbara, haina ngeli kama hizi. Kiswahili nilichokisikia utotoni, cha sokoni na cha askari, kilisema "kitabu hii" na "mtu hii" bila haya, na watu walielewana, wakauziana, wakaoana. Ngeli nilizipata darasani kwa jasho. Kwa hiyo sikicheki Kiswahili cha sokoni kwetu. Ndicho kilichonipa masikio. Lakini nililiona jambo ambalo sikulitarajia: kiolezo kingependa sisi sote tuzungumze hivyo. Kinataka jina lisilo na mamlaka, jina linaloweza kung'olewa na kupachikwa jingine bila sentensi kutikisika. Sokoni Arua, watu waliziacha ngeli ili wapate kuzungumza na mgeni. Kwenye ukurasa ule ziliachwa ili mwandishi asipoteze dakika mbili.

Cha ajabu, kiolezo cha Caples kinaingia katika Kiswahili bila shida yoyote. Nilipo-imba, nilipo-lima, nilipo-anguka. Kitenzi chetu chenyewe ni safu ya nafasi, na mzizi unaingia mahali pake kama kisu katika ala. Mswahili angeketi kutunga violezo vyake mwenyewe, nadhani vistari vyake vingekuwa kwenye vitenzi. Sijaona aliyefanya hivyo.

Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja alisoma rasimu ya makala haya akanipinga, na upinzani wake una nguvu. Alisema: "Wewe unasoma ushairi halafu unalaumu violezo? Shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, ni nini kama si kiolezo? Na barua tulizofundishwa kuandika?"

Tuanze na barua. Ni kweli, barua ya kirafiki ya Kiswahili tuliikariri: baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukujulia hali, mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Niliwahi kumwandikia binamu yangu salamu hizo nikiwa kitandani na malaria. Uzima wangu ulikuwa wa uongo, naye hakudanganyika hata kidogo, kwa sababu wote wawili tulijua kwamba salamu ni kubisha hodi. Baada ya hodi ukurasa uliobaki ulikuwa mtupu na wangu. Humo ndimo nilimweleza habari za malaria. Kiolezo cha barua kimejaza mwanzo kikaniachia barua. Faili la yule bwana limejaza ahadi, likaniachia jina.

Shairi ni gumu zaidi, na hapa namshukuru mwenzangu kwa kunilazimisha nifikiri. Tunajua mgogoro wa miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo na wanausasa, na wengi wetu tukiusoma tunaelekea upande wa Kezilahabi, tukiamini kwamba aliyevunja mizani ndiye aliyekuwa huru. Lakini Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa amefungwa nchini Kenya kwa ajili ya waraka wake wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Diwani ikatoka mwaka 1973. Mtu aliyenyimwa kila kitu akajiongezea mwenyewe minyororo ya vina na mizani! Na hakuna anayeweza, kwa kuzijua kanuni za utungo tu, kukisia mshairi huyo atasema nini katika ubeti unaofuata. Kanuni inamwambia silabi ngapi. Haimwambii kwamba jambo analolieleza ni la kushangaza, wala kwamba litabadilisha maisha ya mtu, wala kwamba ni saba. Hukumu hizo ni za mshairi, na anazilipia. Kiolezo changu kilikuwa kimekwisha kuhukumu kabla sijachagua nitaandika juu ya nini. "Mambo 7 ya kushangaza kuhusu ____": mshangao umekwisha kuthibitishwa, kilichobaki ni kutafuta kitu cha kushangaza.

Mwenzangu hakukubali yote. Anasema bila kiolezo asingeanza kuandika kamwe, na ninamwamini, kwa kuwa nimemwona akiukodolea macho ukurasa mtupu hadi usiku wa manane. Kwa mtu anayeogopa kuanza, kistari ni mkono wa kushika. Hilo silipingi.

Lakini nina habari ya mkono huo pia. Mwezi wa pili nilichukua kiolezo cha dalili nikatia "vidonda vya tumbo". Nilisoma, nikauliza rafiki anayesomea uuguzi, nikapata dalili tano: maumivu sehemu ya juu ya tumbo, tumbo kujaa gesi, kichefuchefu, kutapika damu, na choo cheusi kama lami. Rafiki yangu alinisisitizia hizo mbili za mwisho. Alisema mtu akiziona asisubiri kesho, kwa sababu huenda kidonda kinavuja damu. Nikawa na tano, na kiolezo kilitaka saba. Nikaongeza "mikono kuwa baridi" na "kusahausahau". Nilizitoa wapi? Kichwani. Ilikuwa saa nne usiku na nilitaka shilingi zangu 5,000.

Siku chache baadaye mama mdogo alinipigia simu kutoka Arua. Ni mjane wa askari, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Andiko lilikuwa limemfikia kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, bila jina la mwandishi. "Mwanangu, wewe unasoma chuo," akasema. "Mikono yangu iko baridi kila asubuhi. Kumbe hii ni vidonda ya tumbo." Alikuwa amekwisha kununua dawa ya shilingi 20,000 kwa mtu anayepita na mkoba, na ameacha kula maharage. Nilimwuliza kama aliona dalili ya tano, ya choo. Akasema hakuikumbuka, zilikuwa nyingi.

Kati ya yote niliyoyaandika hapa, hilo la mama mdogo ndilo linalonisumbua zaidi kama mhakiki. Uongo wa dalili mbili ni kosa langu, nami naulipa. Lakini hata kama zote saba zingekuwa za kweli, kiolezo kilizipanga kana kwamba zina uzito mmoja, namba moja hadi namba saba, damu na gesi katika mstari ule ule. Msomaji alichukua ile iliyofanana na mwili wake. Mtu anayemjali mgonjwa angeanza na choo cheusi, na huenda asingeandika kingine chochote.

Nilimwambia mama mdogo kwamba mikono baridi si dalili, arudi kwenye maharage yake. Sikumwambia ni nani aliyeandika. Kisha nikamwandikia mwenye ukurasa nikimwomba afute dalili mbili na kuzitanguliza zile za damu. Nikampa na kichwa kipya: "Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali leo." Alinijibu kwa upole kwamba kichwa hicho hakimo katika faili, na kwamba tano haifanyi kazi kama saba. Juzi nimeliona tena andiko lile kwenye simu ya mtu ndani ya taksi. Wamebadilisha picha.